Barua ya wazi: Tuandikieni kanuni za njia ya ufukweni kabla mtu hajaumia

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya barabara, mipango miji na usalama wa raia,
Dar es Salaam.

YAH: USALAMA WA WAENDA KWA MIGUU, WAENDESHA BAISKELI NA WENYE MBWA KATIKA NJIA YA UFUKWENI, KUTOKA DARAJA LA TANZANITE HADI MASAKI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima zote, na naandika hadharani kwa sababu milango niliyoibisha kimya kimya haikufunguka. Barua nilizipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala zangu, na nakala hizo ninazo hadi leo. Ofisi moja iliniambia daraja linaihusu lakini barabara ya ufukweni haiihusu. Ya pili ikakubali barabara, ila ikasema habari za mbwa niwapelekee watu wa mifugo. Watu wa mifugo wakasema mbwa akishakuwa barabarani hilo ni suala la askari. Askari akaniuliza kama kuna mtu ameshagongwa. Nikamwambia nimekuja mapema ili asigongwe mtu. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema bila RB, yaani namba ya tukio lililoandikishwa polisi, hana pa kuanzia.

Basi niwaeleze mbele ya umma, ili ijulikane kwamba mliambiwa.

Kabla ya yote niseme upande wangu: mimi ni mwendesha baiskeli. Mtadhani nimekuja kudai baiskeli zipewe nafasi na wengine wakae pembeni. Hapana. Nimekuja kuomba sisi wenye baiskeli tuwekewe kanuni, tena tuwe wa kwanza kubanwa nazo. Sijui kama mnapokea maombi ya namna hii kila siku.

Kwa msomaji asiyeifahamu njia yenyewe: Daraja la Tanzanite lilianza kutumika Februari 2022. Lina urefu wa kilomita moja na ushei, linapita juu ya maji kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan, Barabara ya Barack Obama, hadi upande wa Oysterbay karibu na Coco Beach. Lilijengwa kulipunguzia mzigo Daraja la Salenda, na pembeni mwake likaachiwa nafasi ya watu wa miguu. Ukishavuka unaendelea na Toure Drive, bahari mkono wa kulia, mpaka Masaki.

Njia hiyo siku hizi ni ya kila mtu. Saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wakimbiaji, wazee walioambiwa na daktari watembee kwa sababu ya sukari na presha, walinzi wanaotoka lindo la usiku, akina dada wanaowahi kazini kwenye majumba, na wauza madafu wanaosukuma baiskeli zilizofunikwa na mzigo hadi huoni usukani. Jioni wanaongezeka wapiga picha, maharusi, familia zilizofuata mihogo na mishikaki, watoto wanaojifunza baiskeli huku baba anakimbia nyuma ameshika kiti. Na asubuhi na jioni, mbwa. Hakuna mahali pengine Dar es Salaam ambapo tajiri na kibarua wanatumia futi zile zile za saruji kwa wakati mmoja, na kwa kweli naipenda njia hii kwa sababu hiyo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayejua nani ampishe nani.

Hili ndilo kubwa, mengine yote ni watoto wake. Mwenda kwa miguu anaamini njia ni yake, kwa hiyo baiskeli ni mvamizi. Mwenye baiskeli anaamini akipita barabarani atagongwa na gari, kwa hiyo ana haki ya kuwa pale. Mwenye mbwa anaamini mbwa wake hana neno na mtu. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anatembea na sheria yake kichwani. Wakikutana, kinachoamua ni ukali wa sauti.

Wenzetu walikutana na jambo hili zamani. Ujerumani wana alama mbili za duara la bluu. Moja ina picha ya mtu mzima na mtoto juu, baiskeli chini, na mstari wa kulala katikati: maana yake njia ni moja, mnachanganyika, na mwenye baiskeli ndiye mwenye kujihadhari. Nyingine ina mstari wa kusimama: watu upande huu, baiskeli upande ule. Mtoto wa darasa la pili anazielewa. Uingereza nao, walipozirekebisha kanuni zao za barabarani Januari 2022, waliweka ngazi ya wajibu: mwenye uwezo wa kumuumiza mwenzake zaidi ndiye anayebeba jukumu zaidi. Lori limhurumie mwenye gari dogo, gari limhurumie mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli amhurumie anayetembea.

Hii ya ngazi ndiyo ninayoitaka hapa. Haihitaji mhandisi. Inahitaji mtu mwenye mamlaka aiandike kwenye kibao.

2. Mwendo.

Mtu anayetembea kawaida huenda kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ya kawaida, bila kujitutumua, inakwenda 15 mpaka 20. Ukiwa na 20, kila sekunde unamaliza mita tano na nusu. Sasa hesabu: macho yaone, akili iamue, vidole vibane breki. Sekunde imekwisha, na mita tano na nusu zimekwisha, gurudumu likiwa halijapunguza chochote. Breki nzuri kwenye sakafu kavu zitakula mita nyingine kama tano. Jumla inapita mita kumi. Shusha mwendo hadi 10 na jumla hiyo inakuwa mita nne hivi. Umepunguza mwendo kwa nusu, lakini nafasi unayohitaji ili usimame imepungua kwa zaidi ya nusu.

Mita nne unazo, hata penye watu. Mita kumi pale Coco siku ya Jumapili jioni huzipati.

Na nimesema sakafu kavu. Kusi ikivuma, mchanga wa ufukweni unatambaa hadi njiani, na juu ya mchanga breki haziahidi kitu; gurudumu la mbele likigeuzwa ghafla linateleza, na aliye juu anashuka kwa bega. Ufagio wa asubuhi ungetosha. Sijui kwa nini ufagio nao unahitaji kikao.

Wapo pia wenzangu wenye baiskeli za mashindano na nguo za kubana, wanaopita hapo kwa 30 na zaidi huku simu inawapimia muda. Nawaheshimu kwa miguu yao. Lakini mahali pao ni barabarani alfajiri, magari yakiwa machache, si kwenye njia ya bibi anayenyoosha goti. Nimewaambia hivyo uso kwa uso na wengine hawanisalimii tena. Kibao chenye muhuri wa serikali kingewaambia vizuri zaidi kuliko mimi.

3. Baiskeli haina sauti.

Pikipiki unaisikia inakuja. Baiskeli inakufikia mgongoni ndipo unashtuka, na mtu aliyeshtuka hurukia upande asioutarajia hata yeye mwenyewe. Mzee mwenye sikio zito, mtu asiyeona anayetafuta njia kwa fimbo nyeupe, kijana aliyeziba masikio kwa muziki: wote hawa hawatakusikia hata ukipumua juu yao. Baiskeli nyingi zinazouzwa mjini zinafika bila kengele, au kengele yenyewe ni pambo la plastiki linaloanguka wiki ya pili.

Kengele ipigwe mapema, mbali, kama mtu anayepiga hodi. Ikipigwa ukiwa umeshamkaribia mtu, hiyo siyo hodi tena, ni matusi. Na mdomo upo: "Shikamoo mama, napita kulia kwako." Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi kuliko kengele yoyote, kwa sababu ukishaamkia mtu hawezi kukugombeza kabla hajaitikia marahaba.

4. Mbwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipocheka na kuchekwa zaidi nilipozunguka maofisini. Mkubwa mmoja aliniuliza kama sina mambo mengine ya maana. Ninayo, lakini na hili ni la maana.

Mbwa kukimbiza kitu kinachozunguka na kukimbia ni maumbile yake. Hana chuki na baiskeli. Simlaumu, wala sitaki mtu atumie barua hii kuhalalisha mawe na sumu. Anayewajibika ni binadamu aliyeshika kamba, au aliyeiacha nyumbani.

Mbwa wengi wa njia ile hawatembezwi na wenyewe. Mwenye nyumba yuko ofisini au kalala. Mbwa wawili watatu, kila mmoja mzito kuliko mlinzi anayewashika, wanavutwa na kijana ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo na hakuna aliyemfundisha. Kamba ni ndefu. Mbwa mmoja ananusa ukingo wa barabara, mwingine ananusa upande wa bahari, na kamba imekatiza njia nzima kama mtego. Jua likiwa usoni, mwenye baiskeli haioni mpaka imemfikia. Mkimbiaji naye haioni. Ukimwambia kijana afupishe kamba anakubali mara moja, kwa adabu. Kesho yupo mwingine. Wa kuambiwa ni mwajiri, na mwajiri hapiti kwa miguu.

Kisha wapo wanaofunguliwa kabisa asubuhi wakimbie mchangani. Mchangani sina ugomvi nao, bahari ni kubwa. Shida inaanza mbwa anapoona gurudumu juu ya njia na kupanda kulifuata. Mwenye baiskeli asiyejua la kufanya hufanya mambo mawili, yote mabaya: anaongeza mwendo, na hapo anakuwa windo kamili, au anakwepa kuelekea barabarani, mbele ya gari. Njia salama ni kupunguza, kusimama, kushuka, kuweka baiskeli kati yako na mbwa, kutomkodolea macho, na kurudi nyuma pole pole. Windo likiacha kukimbia, mbwa wengi hupoteza hamu. Lakini hili linahitaji kufundishwa, na mtoto wa miaka tisa anayefukuzwa hatakumbuka somo ambalo hakupewa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mbwa, hasa wageni wetu wa Masaki, huenda hawalijui, nami nalisema kwa upole. Msasani ni kijiji cha wavuvi Waislamu tangu kabla ya majumba hayajaota pembeni yake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, mate ya mbwa ni najisi nzito: yalipogusa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu anawahi Ijumaa, mbwa mchangamfu akamrukia kumlamba, mwenye mbwa anacheka anasema "usiogope, anataka kucheza." Mzee haogopi. Mzee anahesabu kwamba swala ya jamaa imempita. Kumtaka mwenye mbwa afupishe kamba mtu anapopita si uadui kwa mbwa wala kwa mgeni. Ni ujirani.

La mwisho kuhusu mbwa ni kichaa, na hapa sina utani. Ugonjwa huu dalili zikishatokea hauna tiba; karibu kila anayefika hapo hufa. Ila unazuilika kabisa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akachanjwe bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa wakichanjwa angalau asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Pale njiani sioni mbwa mwenye alama ya chanjo shingoni, hata wale walionona. Wa majumbani labda wamechanjwa. Wale wanaolala chini ya vibanda vya Coco na kula mabaki ya mishikaki, nani kawachanja? Hawa hawana mwajiri wala kamba. Ni wa kwenu, Waheshimiwa.

5. Njia inaliwa.

Bodaboda wakiona foleni wanapanda juu. Magari yanaegeshwa magurudumu mawili barabarani, mawili njiani. Meza ya mihogo inaanza pembeni na jioni ipo katikati. Kila kipande kinacholiwa kinatubana sisi wengine tupite kwenye upenyo mmoja, mwenda kwa miguu, baiskeli, kigari cha mtoto na mbwa kwa pamoja. Mama lishe simgombezi, ana watoto wa kulisha; apewe mstari, ataufuata. Mwenye gari la kifahari aliyeegesha njiani ili anunue ukwaju, huyo mstari anaujua tangu alipopata leseni.

6. Giza.

Kuna vipande ambavyo taa zikizimika hukai ukajua zitawashwa lini. Baiskeli bila taa, mbwa mweusi, mlinzi aliyevaa koti jeusi. Sina la kuongeza.

7. Mtapiga marufuku, na mtakaowaumiza ni wasiohusika.

Hofu yangu kubwa kuliko zote ni hii. Siku mtu atakapoumia, picha zitasambaa, na jibu la haraka litakuwa amri: baiskeli marufuku njia ya ufukweni. Tunalijua jiji letu. Bodaboda zimewahi kuzuiwa kuingia katikati ya mji kwa amri za namna hiyo, na waliopata hasara ya kwanza ni wenye nazo.

Amri hiyo haitamgusa mwenye baiskeli ya mashindano. Ataipakia kwenye gari akaendeshe Bunju. Itamgusa muuza madafu. Yule bwana hatembei na baiskeli kwa starehe. Ndiyo duka lake, ghala lake na miguu yake. Mara nyingi hata haipandi, anaisukuma, kwa sababu mzigo ukishaanza kuteremka wenyewe breki za raba hazina ubavu wa kuuzuia. Itamgusa mlinzi anayetoka Mwananyamala kwa baiskeli kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi inakula mshahara. Itamgusa muuza mkate. Hawa hawajawahi kumkimbiza mtu yeyote pale. Mkiwaondoa njiani watakwenda barabarani kati ya magari, na huko wakiumia hakuna atakayesambaza picha.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimeshayasikia kaunta.

Mtasema hakuna bajeti. Sijaomba daraja la pili. Nimeomba rangi, vibao na ufagio, na mwenye kuvisimamia. Jiji hili lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika kuipata, kwa kazi ya mwendokasi: kilomita karibu 21 za njia ya mabasi, zikiwa na njia za watu wa miguu na baiskeli kando yake. Juni mwaka huo wataalamu wa usafiri kutoka nchi nyingi wakaja kukutana hapa hapa kuona tulivyofanya. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaitangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Ujuzi tunao. Tulishindwa vipi kuuvusha Salenda?

Mtasema watu wetu hawana nidhamu, hata mkiandika hawatafuata. Kanuni isiyoandikwa hakuna anayeweza kuivunja, kwa hiyo nidhamu yetu bado hamjaipima. Tuandikieni kwanza.

Mtasema hiyo ni njia ya waenda kwa miguu, baiskeli ipite barabarani. Ni hoja nzito kuliko nyingine na sitaikwepa. Kama barabara ile ingekuwa na ukanda wa baiskeli, au kama kiwango cha kilomita 50 kwa saa katika makazi kingeheshimiwa usiku na mchana, mimi ningekuwa wa kwanza kushuka njiani. Hakiheshimiwi, na ninyi mnapita pale mnaona. Mtoto anayejifunza baiskeli hawezi kuwekwa barabarani ile ili hoja yetu ikae sawa kwenye karatasi.

Mtasema njia ni nyembamba. Kweli, kuna vipande vyembamba. Kwa vipande hivyo, na kwa daraja zima jioni za Jumamosi na Jumapili watu wanapojaa kupiga picha, mimi naona baiskeli ishukiwe na kusukumwa. Wenzangu wengi hawatapenda nimeliandika hili. Dakika kumi na tano za kusukuma baiskeli hazijamuua mtu.

Na mtasema mradi mkubwa wa kuboresha eneo uko mbioni. Uje, tutaushangilia. Kopo la rangi halizuii mradi.

Tunaomba hivi.

Itajwe ofisi moja, na ndani yake cheo kimoja, chenye dhamana ya njia hii tangu Aga Khan hadi Masaki, ili mwenye malalamiko ajue mlango. Hili likifanyika peke yake nitahesabu barua imefanya kazi nusu.

Ziandikwe kanuni fupi na ziwekwe kwenye vibao kila penye maingilio, Kiswahili juu, lugha ya wageni chini, na picha kwa asiyesoma. Kwamba anayetembea hupishwa na kila mtu. Kwamba sote tunashika kushoto na kupita kulia, kama barabarani. Kwamba penye watu baiskeli hushusha mwendo ukaribie wa mtu anayetembea, na kila baiskeli iwe na kengele, na taa usiku. Kwamba mbwa juu ya njia awe na kamba fupi, isiyozidi mita mbili, upande mmoja wa mwili wa anayemshika, na kinyesi chake kiokotwe. Kwamba pikipiki hairuhusiwi kabisa.

Penye upana, uchorwe mstari wa kutenganisha baiskeli na watu. Kwenye maingilio ziwekwe nguzo. Najua nguzo zinazopitisha kiti cha magurudumu zitapitisha na pikipiki pia. Hapo rangi na saruji zimefika mwisho na kazi inabaki kwa askari, siku mbili tatu za kwanza kwa maelekezo, baadaye kwa faini.

Wenye mbwa wapewe saa zao mchangani, tuseme kabla ya saa moja asubuhi, ambapo mbwa wanaweza kufunguliwa mbali na njia. Ukimnyima mtu kila kitu hatakusikiliza kwa lolote. Afisa mifugo aje Coco Beach na chanjo, siku iliyotangazwa misikitini, makanisani na kwenye magrupu ya mtaa, bila malipo kwa mbwa wasio na mwenyewe na kwa walalahoi, na kila aliyechanjwa avalishwe alama shingoni. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kama mnatafuta tarehe.

Na isitolewe amri yoyote ya kuzuia baiskeli kabla haya hayajajaribiwa kwa miezi sita.

Sisi kwa upande wetu tuko tayari kushika brashi. Wapo waendesha baiskeli, wakimbiaji na wenye mbwa ambao nimezungumza nao. Baadhi hawapatani hata kidogo kuhusu nani mwenye makosa, lakini wote wamekubali kuja siku ya kuchora mstari. Rangi tutachangishana kama ndiyo kikwazo. Tunachoshindwa kuchangishana ni mamlaka.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na jibu libandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa inayopakana na njia, kwa sababu swali si langu peke yangu. Ikiwa jibu ni hapana, liandikwe hapana, pamoja na cheo cha aliyeamua. Hapana ninaweza kuikatia rufaa. "Imepokelewa" haina rufaa.

Naomba kuwasilisha.

Mwendesha baiskeli,
Mkazi wa Msasani, Dar es Salaam.

Nakala:
Wenyeviti wa serikali za mitaa inayopakana na njia ya ufukweni.
Maimamu na wachungaji wa Msasani na Oysterbay, kwa tangazo.
Waajiri wa vijana wanaotembeza mbwa, Masaki.
Wauza madafu wa Coco Beach, kwa taarifa.